Mbuzi Aliyepotelea Kwenye Kompyuta

Fundi Gakenia aliigeuza diski kichwa chini juu ya gazeti, akaigonga mara mbili kwa kidole, na majivu yakamwagika. Nyuma ya majivu ikatoka kunde moja. Ikaviringika polepole, ikasimama kando ya bisibisi.

"Mama," akasema, "hii ni diski ama ni ghala?"

Wavinya alijua swali hilo litakuja. Alilipangia jibu njia nzima kutoka nyumbani, lakini mbele ya wateja wawili waliokuwa wakingojea simu zao, jibu lile lilijikunja likawa dogo.

"Niliihifadhi," akasema. "Kwa kibuyu cha mbegu."

"Na majivu?"

"Si ndiyo inazuia wadudu. Na unyevu. Kunde yangu inakaa miaka mitatu, hutapata hata moja imetobolewa. Nikasema, kama inalinda kunde, itashindwa kulinda chuma?"

Mteja mmoja, mzee mwenye kofia ya duka la mbolea, alicheka mpaka akaishika meza. Gakenia hakucheka, na kwa hilo tu Wavinya akampenda papo hapo. Fundi wa kwanza, kule mjini Wote, alikuwa amemwambia aende aitumie kuzuia mlango usipigwe na upepo, kisha akamwita mwenzake kutoka duka la pili ili naye aje acheke. Huyu binti, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri kuja kuuza nguo hapa Kathonzweni wakasahau kurudi, alichukua brashi laini kama ya kupaka rangi ya kucha, akaanza kufagia.

"Ona hapa. Unaona hili tundu? Hapa ndipo inapumulia."

"Inapumua?"

"Inapumua. Na kuna kichujio ndani. Kama majivu imepita kichujio, turudi tu nyumbani. Kama haijapita, bado tuko na maneno."

Wavinya alisogeza kiti. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwenye ekari nne za kunde, mbaazi na pojo, na tangu utotoni alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kutaka kujua. Mamake alizoea kumfukuza kwenye vyungu vya watu. "Na picha zenyewe zimekaa wapi? Ukifungua zinaonekana?"

"Hazionekani. Ndani kuna sahani inazunguka kushinda gurudumu la gari lolote unalojua, na kijimkono kinasoma juu yake bila kuigusa. Chembe moja ya vumbi ni kama jiwe katikati ya barabara. Ndiyo sitafungua." Gakenia aliinua macho. "Lakini niambie unatafuta nini hasa. Ndio nijue pa kuanzia."

"Mbuzi."

"Mbuzi?"

"Beberu. Mweusi, na doa jeupe kwa shingo. Nataka kujua kamba yake ilikuwa kwa mkono wa nani."

Mzee wa kofia aliacha kucheka. Akavuta kiti na yeye.

Kabla Wavinya hajaeleza, simu yake ikalia. Ilikuwa simu iliyokufa kipaza cha sikioni, kwa hiyo kila aliyempigia alikuwa anahutubia kijiji. Akaipokea huku akiwapa watu mgongo, kana kwamba mgongo unazuia sauti.

"Mgeni wa kudumu!" Sauti ya kakake mdogo, Kyule, ilijaa duka zima. "Habari ya kwa wenyewe?"

"Niko sokoni, Kyule. Niko na watu."

"Hata wao wasikie. Ulimwambia mwalimu wako nilivyosema? Jumamosi siji. Binti hawezi kutolewa mbuzi kabla ya mamake. Mimi nikae mbele ya wageni nipokee nini, na wewe mwenyewe hujapokelewa?"

"Mbuzi zililetwa."

"Zililetwa mbili. Ya tatu ilikuja kutusalimia ikaenda zake." Akacheka, akakata.

Mteja wa pili, msichana wa saluni, aliangalia kucha zake kwa bidii kubwa.

"Sasa umesikia," Wavinya akamwambia Gakenia. "Imenipunguzia kazi ya kueleza."

Yaliyobaki kueleza yalikuwa machache. Jumamosi hiyo watu wa kijana Mkikuyu, Evanson Ngure, wangekuja kutoka Emali na mbuzi watatu kumtolea Nzisa, binti wa Wavinya, ntheo. Bila mbuzi hao watatu, kwa Wakamba mtu hajaoa, hata akae na mwanamke mpaka wote wawili waishiwe na meno. Gari lilikuwa limeshakodiwa, wageni kumi na wawili. Lakini anayekaa mbele kupokea ni mjomba wa binti, na mjomba alikuwa Kyule, na Kyule alikuwa amekaza shingo kwa ajili ya mbuzi wa miaka kumi na mitano iliyopita.

Mwaka ule, Nzisa akiwa tayari msichana wa miaka minane, mumewe, Mbaluka, alipeleka mbuzi watatu nyumbani kwa kina Wavinya, upande wa Kwa Vonza. Wawili waliingia zizini vizuri. Wa tatu, beberu, ambaye ndiye huchinjwa na kuliwa siku hiyo hiyo na kuifunga shughuli, alichomoka akaingia kichakani, na mpaka leo hajaonekana. Babake Wavinya hakutaka wageni walale njaa. Akachinja beberu wake mwenyewe, watu wakala, wakapangusa midomo, wakanyamaza.

Katika ukoo ule desturi ilikuwa fupi: kamba ikishashikwa na mtu wa upande wa mke, mbuzi amepokelewa, na lolote litakalompata baada ya hapo ni hasara ya upande wa mke. Mbaluka alisema siku zote kwamba alimkabidhi Kyule kamba. Kyule alisema siku zote kwamba mbuzi alimponyoka Mbaluka. Wazee waliokuwa karibu walikuwa wamezikwa wote. Nzisa alikumbuka tu kwamba alikula maini. Wavinya mwenyewe alikuwa ndani na wanawake, maana anayetolewa mbuzi hatoki nje kuwakagua.

Ila Gedion, binamu wa Mbaluka, alikuwa ameazima kamera siku hiyo. Gedion sasa alikuwa Uarabuni akiendesha lori, kanda yenyewe ilipotea, na kopi pekee aliiweka kwenye kompyuta ya Mbaluka. Kompyuta nayo ikafa miaka miwili iliyopita, stima iliporudi kwa kishindo baada ya kukatika.

"Ilikuwa imefunikwa?" Gakenia akauliza.

"Na kitambaa. Nilikishona mwenyewe, cha maua. Kilifika mpaka chini."

"Kwa hivyo ulianza kwa kuinyima hewa, halafu ukaizika kwa majivu."

"Nikijua ilikuwa inapumua ningeifunika?" Wavinya akasema, na safari hii duka zima likacheka, yeye akiwa wa kwanza.

*

Gakenia aliondoa skrubu sita, akainua ubao wa kijani ulioshikana na tumbo la diski. Akaunusa. Akampa Wavinya naye anuse.

"Kama nywele zilizoungua," Wavinya akasema.

"Vizuri. Harufu ni habari njema. Inamaanisha imeungua nje, si ndani." Alichukua mita yake yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akagusa hapa na pale. Alipofikia kidude cheusi kisichozidi punje ya mtama, mita ikapiga kelele bila kunyamaza.

"Huyu," akasema Gakenia, na sasa uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyemwona rafiki yake ng'ambo ya barabara. "Huyu ni mlinzi. Kazi yake ni moja. Stima ikija kwa nguvu, anaikamata mlangoni, anakufa nayo. Lakini akishakufa analala hapo hapo kwa mlango, hata stima nzuri haipiti."

"Maskini. Sasa unampeleka wapi?"

"Namtoa."

"Na nyumba ibaki bila mlinzi?"

"Kwa siku mbili tu, tukihamisha vitu. Stima ikiruka ndani ya hizo siku mbili, mama, hata Mungu hataiona hiyo video."

Aliing'oa punje ile kwa ncha ya chuma cha moto, akarudisha ubao, akaiunganisha diski kwanza na betri badala ya stima ya ukutani. Wote wanne wakainamisha vichwa. Kwanza hakuna sauti. Kisha kitu kama mtu anayevuta pumzi ndefu, kisha mvumo mwembamba ukapanda, ukapanda, ukatulia. Wavinya aliweka kidole juu ya chuma, akasikia kinatetemeka kama tumbo la paka.

"Inaimba," akanong'ona.

Ikagonga. Tak. Tak. Tak. Gakenia akazima haraka kuliko mtu anayefukuza nyuki.

"Hiyo ni nini?"

"Hiyo ni kijimkono kinatafuta njia. Kuna mahali kimeshindwa kusoma." Akaigusa diski kuona kama imepata moto. "Sikuahidi kitu. Nitaikopi pole pole, kipande kwa kipande, nikiipumzisha. Nikikosa, hunilipi. Rudi Ijumaa mchana."

Alipotoka, Wavinya alikumbuka kitu akarudi mlangoni. "Hiyo kunde yangu," akasema, "usiitupe. Ni mbegu."

*

Nyumbani Mbaluka alikuwa akisahihisha madaftari, miguu ndani ya beseni. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache na yote ya mwisho. Wavinya alimwelezea habari ya tundu, ya mlinzi, ya mvumo na ya tak tak tak, na kwa kila moja yeye akaweka alama ya vema kwenye daftari la mtu.

"Baba Nzisa. Si ununue tu beberu mmoja, tumpelekee Kyule, mambo yaishe?"

Kalamu ikasimama. "Beberu naweza kununua kesho asubuhi. Lakini nikimpeleka, nimesema nini? Nimesema miaka hii yote nilikuwa na mke wa watu. Nimesema Nzisa bado ni mtoto wa mgeni. Na hata hivyo yeye hataki beberu, anataka tuanze upya, mbuzi watatu, wazee, kila kitu. Watu wa Emali watakuwa wameshageuza gari."

"Lakini ulimpa? Kamba?"

"Nilimpa."

"Kwa mkono wake?"

Mbaluka alitoa mguu mmoja majini, akauangalia, akaurudisha. Akasema kwa sauti ambayo Wavinya hakuizoea: "Nimesema nilimpa mara nyingi sana, Mama Nzisa, mpaka sijui tena kama nakumbuka kumpa, ama nakumbuka kusema."

Wavinya alipenda ukweli ule kuliko alivyopenda miaka yote ya uhakika wake, lakini ulimtia baridi. Kama mwenye kuapa mwenyewe hajui, basi walikuwa wamemtuma fundi aende kuwatafutia hukumu, na hukumu haina upande.

Alhamisi stima ilikatika mara mbili. Kila ilipokatika alisimama kizingitini akitazama upande wa sokoni, kana kwamba angeweza kuizuia isirudi kwa nguvu.

*

Ijumaa mchana walikwenda watatu, yeye, Mbaluka na Nzisa. Mzee wa kofia walimkuta ameshakaa, ingawa simu yake ilipona tangu Jumanne.

"Mimi ni wa hii kesi," akasema, akasogea.

Gakenia alikuwa na macho mekundu na tabasamu. "Majivu haikupita. Kichujio kilikufa kishujaa. Nimetoa karibu yote, ila kuna sehemu zimekataa, kwa hivyo msishangae mkiona viraka." Akabofya. Zilipita mitihani ya hesabu ya miaka sita, picha za ubatizo, barua ya kuomba uhamisho ambayo Mbaluka hakuwahi kumwonyesha mkewe. Wavinya aliiona. Mbaluka aliona kwamba ameiona. Wakaiacha ipite kwa siku nyingine.

Kisha vumbi jekundu likajaa kioo, na zizi la nyumbani kwa kina Wavinya likatokea, kabla halijaanguka. Babake, kofia mkononi. Kyule, kijana wa suti ya kijani na tai pana. Mbaluka, mwembamba kama fito, na kamba tatu, na nyuma yake beberu mweusi akitafuna hewa.

"Baba, ulikuwa na nywele!" Nzisa akapiga kelele.

"Nyamaza uangalie kamba."

Lakini kutoka upande wa kulia wakaingia wanawake wakiimba, na mbele yao alikuwa mamake Wavinya, kitambaa cha njano kichwani, akicheza kwa mabega kama alivyocheza yeye peke yake duniani. Wavinya alifunika mdomo. Watu wote dukani wakamwangalia yule mama, hata Gakenia. Na wakati huo huo picha ikakatika vipande, nusu ya kioo ikawa viraka vya kijivu na zambarau, na viraka vilipoondoka beberu alikuwa tayari hewani, kamba ikimfuata kama mkia wa pili. Gedion akamkimbiza bila kuizima kamera. Dakika nne nzima zilikuwa viatu vya Gedion, miiba, mbingu, na Gedion akitaja majina ya wanyama ambayo hayako katika Biblia. Halafu giza.

"Imekula sehemu yenyewe," akasema mzee wa kofia. "Hiyo ni kesi imelala."

Mbaluka alisimama, akatafuta kofia yake iliyokuwa kichwani. "Basi," akasema. "Nitanunua beberu. Nitapigia Evanson nimwambie waahirishe."

Nzisa hakuwa amesimama. "Rudisha," akamwambia Gakenia. "Pale Susu anaingia na kitambaa cha njano. Sasa msimwangalie Susu. Aki msimwangalie, hata wewe Mama. Angalieni hii kona."

Gakenia akarudisha, akaipeleka picha moja moja. Viraka vilifunika kulia na katikati. Upande wa Mbaluka ulikuwa umeliwa wote. Lakini kona ya kushoto, chini, ilibaki safi kama kioo kilichopanguswa, na kwenye kona ile kulikuwa na mkono wa suti ya kijani. Na kwenye mkono, kamba.

Gakenia akabofya tena. Uso wa Kyule uligeuka. Akaiona kamera. Akabofya. Kyule akatabasamu, meno yote. Akabofya. Mikono miwili ya Kyule, yote miwili, ikapanda shingoni kuinyoosha tai.

Kamba ikaanguka. Beberu alibaki amesimama kwa picha tatu nzima, kama asiyeamini bahati yake.

Mzee wa kofia alilia kwa kicheko. Nzisa akalala juu ya meza. Mbaluka peke yake hakucheka. Alikaa tena, polepole, akasema, "Nilimpa," kisha akasema tena, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, "Kumbe nilimpa."

"Itume kwa group ya familia," Nzisa akasema akipangusa machozi. "Sasa hivi. Na kichwa: mgeni wa kudumu ni nani?"

Wavinya alikuwa bado anatazama uso ule wa kijana kwenye kioo, mikono shingoni, amefurahi hivyo. "Hapana," akasema. "Nipe kwa simu yangu peke yangu."

*

Alimpigia Kyule jioni ile. Hakutaja kamba. Alisema tu kwamba fundi amemtoa Mama kwenye ile kompyuta, anacheza, na kitambaa cha njano. Jumamosi saa mbili asubuhi Kyule alikuwa mlangoni, suti mpya, tai, na uso wa mtu aliyekuja kwa sababu nyingine kabisa.

Wavinya alimpeleka stoo, katikati ya vibuyu, akafunga mlango. Walisimama bega kwa bega juu ya kioo kidogo.

"Mwaitu," Kyule akasema, jina lao la kumwita mama, akaisogeza simu karibu na uso. Wavinya alimwacha amwone mara mbili. Kisha akasema, "Sasa angalia kona," akamsomea picha moja moja kwa kidole, kama alivyofanya fundi.

Kyule aliangalia. Akaangalia tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Nani wameona?"

"Sisi watatu. Fundi. Na mzee mmoja sijui ni wa nani."

"Ifute."

"Haifutiki. Ameweka kopi tatu."

Kyule alikaa juu ya gunia la mbaazi, suti mpya na yote. "Baba alikuwa amenipa kazi ya kupokea," akasema. "Mara ya kwanza kunipa kazi ya mtu mzima. Akaniuliza, mbuzi imeenda wapi? Nikasema imemtoka Mbaluka. Ilitoka tu kwa mdomo. Halafu akaenda akachinja yule beberu wake mkubwa, unamkumbuka? Nikakula nyama ile, Wavinya, ikanikwama hapa. Ningesemaje baada ya hapo?"

"Kwa hivyo ukasema mimi ni mgeni."

Wavinya alikuwa na mengi ya kumwambia, ya miaka kumi na mitano, aliyoyapanga usiku kucha. Lakini nje gari lilikuwa linapiga honi njiani, na sauti za wageni wa Emali zilikuwa zinaimba kwa Kikuyu, na mbuzi analia. Akampangusa kakake vumbi la gunia mgongoni.

"Nenda ukapokee," akasema. "Na useme mbele ya wote kwamba za kwangu zilifika tatu. Mimi nitajua kwa nini, na wewe utajua. Hiyo inatosha."

Alisema. Alisema kwa sauti kubwa, kabla hata hajaulizwa, mbele ya wazee na ya Mbaluka, ambaye aliangalia juu kwa muda mrefu kama anayetafuta dalili za mvua. Kisha Evanson akaleta mbuzi wa kwanza, wa pili, na wa tatu, beberu wa rangi ya udongo, mwenye pembe na maoni yake. Safari hii Wavinya hakukaa jikoni. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi, na wanawake waliomwambia arudi ndani aliwaambia ana kitu anataka kuona.

Nzisa alikuwa amempa binamu yake simu achukue video. Binamu akasogea, akapiga goti, akamlenga Kyule usoni, kamba ya beberu ikiwa imeshafika mkononi mwake.

Tai ya Kyule ilikuwa imekaa upande, karibu na sikio, tangu alipoketi kwenye gunia. Aliiona kamera. Wavinya alimwona ameiona. Mkono wake wa kushoto ukaanza kupanda, ukafika kifuani, ukasimama.

Ukashuka. Kyule akaizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono, mara moja, mara mbili, mara tatu, akaikaza kwa meno, akatabasamu na tai yake upande.